Ghorofa Niliyoikodi na Wenyewe Wamo

Mimi shule niliiacha darasa la tano na sijaona pengo lake. Wenzangu waliomaliza ndio wanaonipigia kuomba niwaletee simu. Guangzhou niliingia na begi moja la mgongoni na maneno mawili ya Kichina, moja la kumwita bosi na jingine la kukataa bei. Leo hii simama kwenye mlango wowote wa maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, uulize Mtanzania mnene mwenye kofia ya kijivu. Wapagazi watakuonyesha kwa kidole, na wengine watacheka. Wakicheka usijali. Asiyejulikana hachekwi.

Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye historia ya Marekani usiniulize nimeisomea wapi. Nimeisomea barabarani, kwa miguu, kati ya stesheni ya Liuhua na masoko ya Shahe. Mwalimu wangu alikuwa binti wa Njombe aliyekuja kusoma chuo kikuu hapa kwa ufadhili. Makubaliano yetu yalikuwa rahisi: siku mbili kwa wiki ananitafsiria Kichina, mimi namlisha, na kila kontena letu likienda Dar kifurushi chake cha nyumbani kinapanda bure. Yeye ni Mlutheri, mimi ni Mwislamu, wote tunakula tambi za nyama ya ng'ombe kwa yule Mchina Mwislamu karibu na stesheni. Hakuna aliyelalamika.

Alikuwa anaandika kitabu chake cha kumalizia shule juu ya Wamarekani wa mwanzo kabisa, wakati nchi yao bado mbichi, na meli zao za kwanza zilizokuja kufanya biashara hapa hapa Guangzhou.

"Mbona umechagua habari za matajiri?" nilimuuliza.

"Anko, walikuwa hawana kitu. Wametoka vitani na Mwingereza juzi, bandari zake zimefungwa kwao. Wakapakia meli mizizi."

"Mizizi gani?"

"Ya porini. Wachina wanaitumia kama dawa ya nguvu. Meli nzima, mizizi, mpaka Guangzhou."

Walipofika, mjini hawakuruhusiwa kuingia. Walikaa kwenye maghala ukingoni mwa mto, mke huruhusiwi kuja naye, bidhaa lazima upitie wakala aliyeteuliwa, na msimu ukiisha unafungasha. Nikasimama katikati ya njia, mpagazi mwenye mkokoteni akanitukana.

"Binti," nikamwambia, "hao si Wamarekani. Hao ni sisi."

Tangu siku hiyo nilimwandama. Tukitoka kununua mashati nataka rais, tukitoka kununua viatu nataka vita. Nilifurahi sana kusikia kwamba watawala wa pwani ya Afrika Kaskazini, Waislamu wenzangu, walikuwa wakikamata meli za Wamarekani, na Wamarekani wakilipa ili waachwe wapite. Kwamba baadaye walichoka kulipa wakaleta manowari, hilo nalo nililisikiliza, ila ile sehemu ya kulipa nilimwomba anirudie. Akaniambia pia kuwa katika chaguzi zao za mwanzo, aliyeshika nafasi ya pili ndiye alikuwa makamu wa yule aliyemshinda. Nilicheka nikakalia robota la watu. Umtukane mtu mwaka mzima, akushinde, halafu ukae chini yake umpe shikamoo kila asubuhi!

Ipo na ile ya Mwingereza aliporudi kupigana nao mara ya pili. Jeshi lake likaingia mji mkuu, likakuta nyumba ya rais meza imeandaliwa, chakula kipo, mvinyo upo, rais na mkewe hawapo. Askari wakakaa, wakala, wakashiba. Kisha wakaichoma nyumba.

"Walikula kwanza?" niliuliza.

"Walikula kwanza, anko."

Niliikumbuka hiyo baadaye, nikiwa nimeshika mwiko.

Lakini hadithi iliyoniponza ni ya bandari. Wamarekani walikuwa na shida ya bandari moja mwishoni mwa mto wao mkubwa, mali ya Mfaransa. Wakatuma wajumbe Ufaransa: kanunueni bandari hiyo. Wakakuta jemadari mkuu wa Ufaransa kabanwa. Alikuwa amepeleka jeshi kwenye kisiwa chake kimoja cha ng'ambo kuwarudisha watu weusi utumwani. Watu weusi wakalipiga lile jeshi, homa ikalimalizia, na vita na Mwingereza viko mlangoni. Akawaambia wajumbe: bandari ya nini, chukueni yote. Nchi nzima, kubwa kuliko ile waliyokuwa nayo tangu mwanzo, au karibu yake. Wajumbe hawakutumwa hivyo. Wakanunua. Na rais wao wa tatu, aliyekuwa akihubiri miaka yote kwamba serikali isifanye jambo ambalo katiba haikulitaja, akatafuta kwenye katiba ununuzi wa nchi, hakuuona, akameza mate, akakubali.

"Huyo ndiye mfanyabiashara," nikasema. "Muuzaji akiwa na haraka, humuulizi chumba. Unamuuliza nyumba."

"Kuna mengine, anko. Ile nchi ilikuwa..."

"Mengine yaache. Hapo pamekolea."

Sasa nikueleze kundi letu. Tulikuwa saba, watatu wa Dar, wanne wa Unguja, tunajaza kontena moja kwa pamoja. Kila mtu ana marobota yake, na siku ya kupakia yote lazima yawe mahali pamoja. Kijichumba tulimokuwa tunayalundika nyuma ya Liuhua kilikuwa kinabomolewa. Mimi nilikuwa msemaji wa kundi. Hiyo si kazi ya kupewa kwa huruma, nilipewa kwa sababu hakuna mdomo kama huu kuanzia hapa mpaka Shahe. Tukaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wa mwenzangu mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa kanzu, mtu mwembamba anayeongea kana kwamba kila neno lina ushuru: *Msemaji akakodi chumba kimoja, karibu na stesheni.* Yeye na mimi tulikuwa hatupatani. Aliutaka usemaji tangu zamani.

Nikaenda na binti. Ghorofa ya tatu ya jengo moja la kizee tukamkuta bosi, laoban kama tunavyowaita, anauza maboksi ya viatu. Alikuwa akifunga biashara arudi kwao. Nilimwona jinsi anavyotazama saa. Nikaona jinsi maboksi yalivyofungwa kamba tayari. Mtu anayeondoka nina pua ya kumnusa.

"Muulize bei ya ghorofa yote," nikamwambia binti.

"Anko, tumetumwa chumba kimoja."

"Na wajumbe walitumwa bandari moja."

Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyempa mtoto kiberiti. Akauliza. Bei niliyoipata sitaitaja, nisije nikawatia watu wivu. Laoban akapiga mhuri, akanipa funguo, akanishika mkono kwa mikono miwili, na kesho yake alikuwa kwenye treni. Niliwatumia wenzangu picha ya ghorofa kutoka mlangoni, maboksi yakiwa yameondolewa, sakafu ndefu kama kiwanja. Nikaandika: *Mlinituma kifaranga, nimeleta jogoo.*

Asubuhi iliyofuata mimi na binti tulipofungua, tulisikia cherehani.

Nyuma kabisa, upande wa madirisha, palikuwa na ukuta wa mbao nilioudhani ndio mwisho wa ghorofa. Ulikuwa na mlango. Ndani kulikuwa na vyerehani vinne, pasi mbili, nyuzi za kila rangi ukutani, na mama mmoja wa umri wa miaka sitini hivi, miwani imeshuka puani, anarekebisha suruali za watu. Hapa wanawake wa umri wake wanaitwa ayi, yaani shangazi. Binti akamsalimia hivyo, wakaongea. Binti akageuka.

"Anasema yupo hapa miaka kumi na moja. Anasema laoban alikuwa jirani yake tu, alikodi upande wa mbele. Anauliza nani amekukodisha upande wake."

"Mwambie nina mhuri."

Akamwambia. Ayi akavuta droo, akatoa karatasi ya njano iliyokunjwa mara nane, yenye mhuri mwekundu mkubwa kuliko wangu, na wa zamani zaidi. Tukampigia simu mwenye jengo, aliyekuwa mji mwingine akila chakula cha mchana, tunamsikia anavyotafuna. Akasema elewaneni wenyewe, akakata.

"Anko," binti akasema polepole, "haya ndiyo yale mengine."

"Yapi?"

"Ile nchi aliyouza Mfaransa ilikuwa na wenyewe. Watu wengi, mataifa kwa mataifa, tangu enzi na enzi. Mfaransa aliuza ambacho hakikuwa chake, Mmarekani akanunua, na wenye nchi hakuna aliyewauliza."

"Wamarekani wakafanyaje?"

"Waliandikiana nao mikataba. Kisha wakaivunja. Kisha wakaandika mingine, mpaka wenyewe wakasukumwa mbali, na wengi wakafa njiani."

Sikupenda alivyonitazama. Mimi sijamuua mtu, nilikodi ghorofa. Nikamwambia tusichanganye mambo.

Habari ikafika kwa wenzangu kabla sijashuka ngazi. Yule wa kanzu akanitumia ujumbe wa sauti, nao nimeutunza hadi leo, kwani ndio mrefu kuliko yote aliyowahi kusema:

"Tulikutuma chumba, bwana weye. Umetuletea uwanja wa mpira, na mwenye uwanja yumo anashona. Sasa sikiliza. Ijumaa ijayo baada ya sala tunakuja sote, na Jumamosi kontena linapakiwa. Tukiikuta ghorofa tupu kama ulivyotwambia, tutachangia sote na usemaji ni wako mpaka ufe. Tukimkuta yule mama yumo, hata sindano yake moja, usemaji unautua na hiyo ghorofa utaibeba mwenyewe. Wallahi sisemi mara ya pili."

Siku kumi. Nikasema, mimi nimepunguziwa bei na watu wagumu kuliko huyu bibi. Nilianza kwa adabu. Nilimpelekea korosho za Mtwara, akazipokea, akala, akaendelea kushona. Nilimtafutia chumba kingine ghorofa ya chini, akashuka kukiona, akapanda na neno moja: giza. Nikaahidi kumbebea vyerehani mwenyewe, mgongoni. Akaniangalia mgongo, akasema kitu, binti akakataa kukitafsiri.

Basi nikaingia awamu ya pili. Niliuondoa ule ukuta wa mbao, nikisema unazuia hewa, nikachora mstari wa chaki sakafuni: huku yeye, huku mimi. Marobota ya wenzangu yalikuwa yameanza kuletwa kutoka Shahe, nikayapanga mpaka kwenye mstari. Kesho yake nikachora mstari mwingine, hatua moja mbele. Keshokutwa hatua nyingine. Sikumsemesha, sikumgusa. Marobota tu yanakua, kama majani.

Yeye naye, kila asubuhi kabla ya kuwasha cherehani alikuwa anapiga deki ghorofa nzima, ukutani hadi ukutani, na chaki yangu yote inakwenda na maji. Nikija nakuta sakafu inang'aa, haina mpaka wowote, na ndoo imesimama mbele ya marobota yangu kama askari.

"Mwambie aache kupiga deki upande wangu."

Wakaongea. "Anauliza upande wako ni upi."

Jumapili mchana ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unamuuliza nani. Zilikuwa zimebaki siku tano. Nilitaka kusogeza hatua mbili kwa mkupuo. Nikachukua robota kubwa kuliko yote, nikaegemeza bega, nikasukuma. Likateleza vizuri kwenye sakafu yake iliyopigwa deki, likaenda likagonga kona ya chuma ya meza yake ya cherehani. Likachanika kuanzia juu mpaka chini.

Kama huijui kazi yetu, robota halifunguliwi. Linakazwa kwa mashine mpaka linakuwa jiwe. Ukilifungua linafura kama mkate, halirudi. Tunakagua sampuli dukani, robota linashonwa, tunakutana nalo tena Dar au Unguja. Kwa hiyo lile lilipochanika nilipiga kelele kama aliyechanika mimi. Zikamwagika kanzu. Nyeupe, nzuri, za Idd, za yule mwenzangu wa Unguja, mia sita kwenye marobota manne, na hilo ni mojawapo.

Ayi akainuka kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akaokota moja, akaitikisa, akatazama mshono wa mkono, akatikisa kichwa kukubali. Akatazama shingo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Akanijia, akaniwekea shingo ya kanzu kwenye shingo yangu, akasema maneno mawili matatu.

"Anasema hii ni shingo ya mtoto," binti akatafsiri.

Niliivaa palepale juu ya shati. Kichwa kilipita kwa taabu, na nilipofunga kishikizo macho yalinitoka. Nikaona nyota. Binti alikuja kunifungua huku anacheka, nami siwezi kucheka kwa sababu sina pumzi.

Kosa lilikuwa la nani? Nitasema, maana miaka imepita na heshima yangu imeshakuwa kubwa, haiwezi kuanguka kwa shingo. Oda ile mwenzangu alinikabidhi mimi niipeleke kiwandani, msemaji wa kundi, mwenye mdomo. Siku hiyo binti alikuwa na mtihani. Badala yake aliniandikia vipimo kwenye karatasi. Nilikuwa naelewana na karatasi tangu lini? Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu. Urefu na mikono tukamalizana kwa kanzu ya mfano, lakini shingo ya mfano ilikuwa imechakaa na kulegea, nikamwambia kwa ishara usiifuate hiyo. Nikamwonyesha kwa mkono, kama nilivyopima kitambaa maisha yangu yote: shibiri mbili. Kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, mara mbili, kuzunguka. Akafurahi, naye akapima hewani, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, mara mbili. Tukakubaliana, tukacheka.

Mkono wangu mimi ni koleo. Mkono wake yeye ungeingia kwenye kikombe cha kahawa.

Sasa nikakaa juu ya kanzu, nikafikiri. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi sana, wala usijidai hukuiona. Nalishona lile robota kwa mkono, nalipanga katikati, linakwenda Unguja. Ayi naendelea kumbana, nina siku tano. Ijumaa ghorofa inakuwa tupu, usemaji unabaki wangu. Kanzu zitafunguliwa Unguja siku chache kabla ya Idd, na hapo lawama za nani? Za Wachina. Wachina wamezoea, kila kitu tunawasingizia wao.

Njia ya pili ilikuwa mama huyu huyu. Vyerehani vinne, mkono ninaouona kwa macho yangu, na hatua tano kutoka hapa. Wiki ile, kila fundi wa Guangzhou alikuwa na oda mpaka kooni. Na nikimwomba atengeneze shingo mia sita, nitamwomba vipi huku namfukuza?

"Wamarekani wangefanyaje?" nikamuuliza binti.

"Anko, Wamarekani wamekufa zamani. Wewe utafanyaje?"

Usinisifu kwa nilichofanya. Sikufanya kwa wema. Niliwaona tu akilini wanaume wa Unguja, asubuhi ya Idd, wamepanga safu kwenye sala, macho yamewatoka wote, na mtu anauliza nani kapima shingo hizi. Mimi jina langu silitaki kwenye koo la mtu.

Nikavua kofia. Binti akatafsiri, nami nilijua anaongeza maneno ya heshima ambayo sikuyasema, kwa sababu yalikuwa marefu. Ayi akasikiliza. Akaenda kwenye meza, akachukua utepe wa kupimia, akaniita. Akapima mkono wangu: shibiri yangu. Akapima wake. Akaweka utepe chini, akatikisa kichwa kama daktari aliyeuona ugonjwa.

Kisha akatoa masharti. Malipo ya kazi tulikubaliana bila kelele, hakunionea. Lakini alitaka nusu ya ghorofa, ya madirisha, ile ile aliyokuwa nayo. Alitaka maandishi, Kichina upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, ili nisije nikasema sikuelewa. Na alitaka mpaka.

"Chaki hataki," binti akasema. "Anataka rangi. Na uipake wewe."

Nikanunua kopo la rangi ya njano. Nilipaka nikiwa nimepiga magoti, mimi, mtu mzima, kutoka ukuta hadi ukuta, na ayi amesimama nyuma yangu na utepe, kila nikipinda anagonga sakafu kwa mguu. Halafu akapiga simu. Jioni ileile walifika ndugu zake watatu, wakakalia vyerehani, nikachana marobota matatu yaliyobaki, na shingo zikaanza kufumuliwa.

Ijumaa nilipika pilau. Sikupika kujikomba. Nilipika kwa sababu mtu akishiba hasira yake inakuwa na usingizi, na pilau yangu mimi, hata Wahindi wa Kariakoo walikuwa wanaulizia. Wenzangu walikuja kutoka msikitini, wote sita, wakavua viatu. Wakaona mstari wa njano. Wakaona ng'ambo ya mstari wanawake wanne wanashona, na kanzu nyeupe zimetundikwa mpaka darini. Harufu ya pilau ilikuwa imewashika.

Wakakaa, wakala. Yule wa kanzu alikula sahani mbili. Alipolamba kidole cha mwisho akasema:

"Haya. Tueleze."

Nikaeleza. Nilieleza yote, hadi shibiri, na hapo nilinyoosha mkono wawaone ukubwa wake, maana ukweli lazima uwe na ushahidi. Mmoja wetu wa Dar alicheka mpaka akapaliwa na zabibu ya pilau. Mwenye kanzu hakucheka. Akainuka, akatundua kanzu moja, akaivaa, akafunga kishikizo, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Akavuka mstari wa njano. Akasimama mbele ya ayi, akaweka mkono kifuani, akainama kidogo. Ayi akamnyoosha ukosi, akampiga bega kumwondolea uzi, kama mama wa yeyote.

Akarudi kwetu. "Kazi safi," akasema. "Mama abaki. Kama ipo shauri ya kumtoa, mimi simo." Wote wakaitikia kuwa hawamo. Nikavuta pumzi, nikaanza kutabasamu.

"Ama weye," akaendelea, "ulitumwa chumba ukakodi ghorofa. Ulipewa vipimo ukapima kwa kiganja. Ahadi ni ahadi. Nani anataka usemaji ubadilike?"

Mikono sita. Mikono yenyewe bado inang'aa mafuta ya pilau yangu.

Binti alikuwa amekaa pembeni na sahani yake. Nilimtazama, naye akanitazama. Hakuna aliyesema *walikula kwanza*, lakini wote wawili tulilisikia.

Usemaji akapewa yeye. Hapo mmoja wao, nadhani kwa kunionea huruma, akauliza mimi nitakuwa nani. Kabla sijafungua mdomo, binti akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba ipo nchi moja, zamani, aliyeshindwa alikuwa anakuwa makamu wa aliyemshinda. Wakaipenda. Ndivyo nilivyokuwa makamu. Nusu ya mbele ya ghorofa nikaibeba mwenyewe kama nilivyoambiwa, na wenzangu marobota yao wanayaweka humo, wananilipia sehemu wanayoikalia tu, nami nasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

Binti alimaliza kitabu chake, akapata alama nzuri, akarudi nyumbani, na sasa anafundisha. Mimi na ayi tupo. Utepe wa kupimia alinipa, umetundikwa kwenye msumari upande wangu, ninao kwa heshima yake ingawa mkono wangu bado ni sahihi kuliko utepe wowote ukijua kuusoma.

Shida ni moja. Ule mstari, kwa sababu ya deki yake ya kila asubuhi, rangi inafifia, na kila baada ya miezi michache lazima upakwe upya. Magoti yangu hayataki tena, kwa hiyo anapaka yeye. Na kila akipaka, maboksi yake ya nyuzi yanapata nafasi zaidi kidogo. Kidole kimoja. Wakati mwingine viwili. Nilipima kwa shibiri, kisha nikaogopa sitaaminika, nikapima kwa utepe wake mwenyewe: tangu Ijumaa ile ya pilau, nimepoteza karibu hatua nzima.

Nilimpigia binti kumweleza. Alicheka sana, akaniuliza kama ninayo maandishi. Nikamwambia ninayo, ya lugha mbili, yenye mihuri.

"Basi, anko," akasema, "walikuwa nayo hata wale wenye nchi."

Nimeyasoma tena yale maandishi, upande wa Kiswahili. Nimeyakunja, nimeyarudisha kwenye droo, na mstari nimeuacha pale alipouweka ayi. Idd inakuja, na kuna kanzu mia nane zinazosubiri shingo.